Kufundisha Umeme kwa Reli ya Mfano: Zana, Kosa na Funzo Lake

Walimu wenzangu, pamoja nanyi wanachuo mnaojiandaa kuingia kazini, nia yangu ya kwanza katika makala haya ilikuwa kueleza zana moja tu ya kufundishia: reli ndogo ya mbao na waya, iliyogawanywa vipande, kila kipande kikiwa na swichi yake. Nilipoanza kuandika niliona kwamba nikieleza zana na kuficha yaliyotokea, nitakuwa nimewapa nusu ya somo. Kwa hiyo nitaeleza yote mawili, zana na kosa. Kosa lilikuwa langu, na aliyelilipia alikuwa mtoto wa miaka 13.

Mwaka 2014, miaka miwili baada ya Wilaya ya Kyerwa kugawanywa kutoka Karagwe, nilikuwa nikifundisha Sayansi darasa la sita katika shule moja ya msingi upande wa Kyerwa. Shule haikuwa na umeme. Darasa lilikuwa na wanafunzi 41, na kati yao hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuona garimoshi kwa macho yake. Hilo si ajabu. Reli iliyo karibu nasi kwa upande wa Tanzania iko Mwanza, ng'ambo ya Ziwa, ilikofika mwaka 1928. Nyingine iko Kigoma, ilikofika mwaka 1914. Kahawa yetu husafiri kwa malori, na watu husafiri kwa mabasi na pikipiki. Kwa mtoto wa Kyerwa, garimoshi lilikuwa picha katika kitabu.

Basi kwa nini nilichagua reli? Sababu ilikuwa udhaifu niliouona katika mafundisho yangu mwenyewe. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimefundisha mada ya umeme kwa kuchora ubaoni betri, waya, swichi na balbu. Wanafunzi walinakili mchoro vizuri sana. Nilipouliza, "Umeme hupita wakati gani?", darasa zima liliitikia kwa sauti moja kwamba umeme hupita katika mzunguko uliofungwa. Lakini siku moja nilileta tochi mbovu darasani, nikauliza ina nini, na hapakuwa na aliyethubutu hata kuifungua. Walikuwa wamehifadhi sentensi, na sentensi haitengenezi tochi.

Nikafikiri kwamba reli ingefaa kwa sababu moja kubwa. Reli mbili ni waya mbili zilizolazwa chini. Garimoshi likisimama juu yake huwa limeufunga mzunguko, na likienda, mtoto huona kwa macho kwamba umeme umefika mahali lilipo. Likikwama, huona pia kwamba haukufika, na hapana budi atafute kwa nini.

Tuliitengeneza kwa vitu vya karibu. Kwa reli tulitumia waya mnene wa shaba, mabaki ya kazi ya fundi umeme mmoja, tukaunyoosha na kuulaza juu ya mataruma ya mbao ya mkaratusi, tukaushika kwa misumari midogo iliyopigwa upande wa nje ili isizuie magurudumu. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya chupa za soda, kila kimoja kimebandikwa bamba la bati lililo pana kidogo kuliko chenyewe ili gurudumu lisiteleze nje ya reli. Rangi ya vifuniko ilibidi ikwanguliwe, maana rangi haipitishi umeme. Ekseli zilikuwa vijiti vya mwanzi. Hili ni jambo la lazima: kama ekseli ni ya chuma, itaunganisha reli ya kushoto na ya kulia, na umeme utarudi katika betri bila kupita kwenye mota. Vipande viwili vya waya laini viligusa magurudumu, kimoja kikikusanya umeme kutoka magurudumu yote ya kushoto na kingine kutoka yale ya kulia, na kuupeleka katika mota iliyotolewa kwenye gari la kuchezea lililovunjika. Mpira mwembamba ulifungwa kutoka mota hadi ekseli ya nyuma.

Nguvu ilitoka katika betri nne za redio, ambazo wazee wetu bado huziita mawe. Kila moja ina volti 1.5, hivyo zikipangwa kwa mfuatano hutoa volti 6. Wanafunzi walichanga shilingi 100 kila mmoja ili zinunuliwe. Naomba msomaji aukumbuke mchango huo, kwa kuwa ndio uliolitia uchungu jambo nitakalolieleza.

Darasa liligawanywa makundi mawili, na kila kundi likatengeneza kichwa chake cha garimoshi. Siku vilipokamilika tuliviweka vyote viwili juu ya reli, tukaunganisha betri, na vyote viwili vikaondoka pamoja. Watoto walishangilia, kisha mmoja wao akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliweka katika andalio la somo: "Mwalimu, hiki kikitaka kusimama Nkwenda kushusha mizigo, na kile kinataka kuendelea, itakuwaje?" Wakajaribu. Wakizima swichi, vyote vinasimama. Wakiwasha, vyote vinakwenda. Swali lilibaki juu ya meza siku mbili nzima nami sikulijibu, ingawa nilijua jibu. Siku ya tatu msichana mmoja alisema, "Tukate reli."

Hilo ndilo jibu. Tulikata reli zote mbili mahali pawili, tukaacha mwanya usiozidi unene wa ukucha, na katika kila mwanya tukachomeka kipande cha plastiki kilichokatwa kutoka dumu bovu, ili ncha za shaba zisigusane. Plastiki hiyo ni kihami, umeme hauvuki. Hivyo njia yetu ikawa na vipande vitatu, watoto wakaviita Omurushaka, Nkwenda na Murongo, kwa kufuata barabara wanayoijua. Kila kipande kilipewa waya zake mbili kutoka betri zile zile nne, na swichi yake ya bati na misumari miwili. Kipande kilichozimwa kilikuwa kituo; kichwa kilichomo kilisimama, huku kingine kikitembea katika kipande kilichowashwa. Ndani ya juma moja watoto waliokuwa hawathubutu kufungua tochi waliweza kusema, bila kuangalia, kipande gani kina kasoro na waya gani umelegea. Nilifurahi mno, na nakiri kwamba nilianza kujiona mwalimu hodari.

Mlinzi wa reli alikuwa mvulana mmoja mpole, mwenye mikono mizuri ya ufundi. Nilimkabidhi ufunguo wa chumba tulimoitunza. Yeye ndiye aliyefungua asubuhi na kufunga jioni, na kazi hiyo aliichukua kwa uzito kama karani wa benki.

Sasa kwa kuwa Murongo iko mpakani, kwenye Mto Kagera, watoto waliona kwamba garimoshi likifika huko halina pa kwenda. Lazima ligeuke na kurudi. Wakapendekeza kipande cha tatu kiwe kitanzi: njia iingie, izunguke na kutokea palepale ilipoingilia, ili garimoshi lirudi Nkwenda likitanguliza kichwa. Mwishoni mwa kipande cha Nkwenda tukaweka ubao mfupi wenye reli zake mbili, uliozunguka juu ya msumari mmoja. Ukisukumwa upande huu unatazama mdomo wa kuingilia kitanzini. Ukisukumwa upande wa pili unatazama mdomo wa kutokea. Mianya yenye vihami iliwekwa katika midomo yote miwili. Nilikagua, nikaona pametimia.

Alasiri ya Jumanne tulikijaribu. Kichwa kiliingia kitanzini vizuri, kikazunguka, kikafika mdomo wa kutokea, kikapanda juu ya mwanya, kikasimama kimya. Tukadhani ni uchafu juu ya reli. Kabla hatujafuta, mvua kubwa ikaanza na kengele ya kurudi nyumbani ikagongwa. Nikawaambia, "Acheni kama ilivyo, tutaendelea kesho." Hayo ni maneno yangu mimi, na waliyasikia wote.

Asubuhi ya Jumatano betri zote nne zilikuwa zimekufa. Hazikuwasha hata balbu ndogo ya tochi.

Nilichofikiri wakati ule nitakieleza bila kujipamba. Nilifikiri: betri mpya hazifi usiku mmoja zikiwa zimelala, mwenye ufunguo ni mmoja, nyumbani kwa huyu iko redio, basi amechukua mpya na kuweka za zamani. Hoja ilionekana imekamilika kama hesabu. Nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikamwuliza betri za darasa ziko wapi. Akasema ni hizo hizo. Kisha akaongeza neno moja: "Mwalimu, jana nilipozigusa wakati wa kufunga mlango, zilikuwa na joto kama chungu kilichoepuliwa. Nilitaka kukuuliza."

Nami nikajibu, "Betri ya redio haipati joto. Usiongeze uongo juu ya wizi."

Nilichukua ufunguo. Yeye akaketi. Alhamisi hakuja shuleni, wala Ijumaa.

Nilinunua betri nyingine kwa fedha zangu, nikijihesabu kuwa mkarimu. Jumatatu iliyofuata tulirudia jaribio. Msichana aliyetoa shauri la kukata reli ndiye aliyeshika mwanzi uliobeba betri. Kichwa kikaingia kitanzini, kikazunguka, kikapanda juu ya mwanya wa kutokea, kikasimama palepale kiliposimama Jumanne. Mara msichana akautupa mwanzi mezani na kusema, "Mwalimu, zinachoma!"

Darasa likanyamaza. Kila mtoto alikuwa ameyasikia maneno yale yale siku tano nyuma, kutoka kinywa kingine. Nilizigusa betri mwenyewe. Zilikuwa na joto. Nikazichomoa.

Walimu wenzangu, wakati ule nilijua kwamba mtoto alisema kweli, lakini sikujua kwa nini. Nililiambia darasa hivyo: "Sijui." Nadhani lilikuwa neno la manufaa kuliko yote niliyosema mwaka ule, ingawa lilikuja limechelewa. Baada ya hapo tulitafuta pamoja.

Njia ya kutafuta ilitoka kwa msichana yule yule. Alileta kamba mbili, moja ya ganda kavu la mgomba, ya kahawia, na nyingine ya katani, nyeupe. Akasema tulaze kamba ya kahawia juu ya reli inayopata umeme kutoka upande wa chanya, na nyeupe juu ya ile ya upande wa hasi, tufuate njia yote bila kuruka mahali. Tukaanza Omurushaka: kahawia kushoto, nyeupe kulia. Nkwenda: kahawia kushoto, nyeupe kulia. Tukaingia kitanzini: kahawia kushoto, nyeupe kulia. Tukazunguka kitanzi chote, na kahawia ikabaki upande wa kushoto wa msafiri, kama inavyopasa. Tulipotokea, tukiwa sasa tunaelekea Nkwenda, kamba ya kahawia ikaangukia reli iliyokwisha kulazwa kamba nyeupe, na nyeupe ikaangukia ya kahawia.

Hapo kila mtoto alielewa, nami nikaelewa pamoja nao. Anayekwenda Murongo ana reli fulani kushotoni kwake. Akirudi, reli ile ile iko kuliani. Kitanzi humgeuza msafiri, lakini hakiigeuzi njia kuu. Kwa hiyo katika mdomo wa kutokea, reli ya chanya ya kitanzi hutazamana na reli ya hasi ya njia kuu, vihami vikiwa katikati. Garimoshi lisipokuwepo hakuna madhara. Lakini kichwa kikipanda juu ya mwanya, magurudumu ya mbele huwa upande wa pili na ya nyuma yangali huku, na ule waya laini unaoyaunganisha huwa daraja kati ya chanya na hasi. Umeme hupita hapo wote, mota haipati kitu, na betri huminya nguvu yake yote hadi iishe. Mafundi huita hali hiyo shoti. Jumanne ile kichwa kilisimama juu ya daraja hilo kwa amri yangu, swichi mbili zikiwa zimewashwa, usiku kucha.

Tiba yake si ngumu. Tulitengeneza swichi ya kugeuza kwa misumari sita na bapa mbili za bati, waya zikipishana kwa mshazari, ili bapa zikisukumwa chanya na hasi za njia kuu zibadilishane mahali. Utaratibu ni huu: garimoshi likiisha kuingia lote ndani ya kitanzi, ubao wa njia panda husukumwa utazame mdomo wa kutokea, na swichi ya njia kuu hugeuzwa. Cha kugeuzwa ni njia kuu. Kitanzi huachwa kama kilivyo, maana kikigeuzwa garimoshi lililomo litarudi nyuma. Vichwa vingine vilivyo katika njia kuu sharti viwe vimezimwa wakati huo. Na kitanzi hapana budi kiwe kirefu kuliko garimoshi zima, la sivyo mkia utakuwa juu ya mwanya mmoja na kichwa juu ya mwingine.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa mvulana, ambako aliishi na babu yake. Nilimkuta mzee ameketi chini ya mwembe, akichambua kahawa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

Alinipa punje za kahawa ya kutafuna, kama desturi ya kwetu ilivyo kwa mgeni, hata mgeni asiyestahili. Nikamweleza yote, betri, kitanzi na joto. Nikasema nimekuja kuomba radhi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Maneno yale uliyasemea wapi, Mwalimu?"

"Darasani, Mzee."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wenzake."

"Basi mbona malipo umeyaleta hapa? Hapa hapana aliyekukopesha."

Sikuwa na jibu. Mvulana alikuwa amesimama mlangoni, akisikiliza. Mzee akamwambia kesho aende shule, nami akaniambia niwahi.

Kesho yake, Jumanne, nilisimama mbele ya wanafunzi 41 na kusema kwamba nilimwita mwenzao mwizi na mwongo, kwamba hakuwa mwizi wala mwongo, na kwamba yeye peke yake katika chumba kile ndiye aliyegundua dalili ya kweli, nami nikaikataa kwa sababu haikukubaliana na nilichokuwa ninakijua. Nilimwomba radhi kwa jina lake. Kisha nikamwomba aeleze tena juu ya joto la betri, na mara hii niliyaandika maneno yake ubaoni.

Yapo mambo mapana ambayo reli ile imenifungulia, nami hutumia kila mwaka nifundishapo wanachuo. La kwanza ni kwamba kugawa njia vipande si mchezo wa watoto tu. Treni za umeme za reli mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma, zilizoanza kuchukua abiria mwaka 2024, hupata umeme wa volti 25,000 kutoka waya wa juu. Katika reli za aina hiyo waya huo hulishwa kutoka vituo mbalimbali vya kupozea umeme, na kati ya eneo la kituo kimoja na eneo la kingine huwekwa kipande kifupi kisicho na umeme, ili umeme wa huku na wa kule usigongane. Garimoshi hukipita kwa kasi yake lenyewe, nguvu ikiwa imekatwa. Ni mwanya ule ule wa plastiki ya dumu, umekuzwa.

La pili ni kwamba shoti iliyoua betri zetu, mahali pengine ni mlinzi wa maisha ya watu. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hati ya ubunifu kwa mpango wa kupitisha mkondo mdogo wa umeme katika reli za kipande kilichotengwa kwa vihami. Kipande kikiwa kitupu, mkondo hufika mwisho na kushikilia ishara ya usalama. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake za chuma huunganisha reli mbili, mkondo hukatwa njiani, na ishara ya hatari hujitokeza. Tena, kama betri imekufa au waya umekatika, ishara huonyesha hatari vilevile. Mpango huo umekubali tangu mwanzo kwamba kuna mambo ambayo hauyajui, na usipojua, husimamisha treni kwa tahadhari. Mimi nilipokuwa sijui, sikusimama.

La tatu ni la nyumbani. Mkoa wetu wa Kagera kwa miaka mingi ulikuwa ukipata umeme kutoka Uganda, kwa njia itokayo Masaka hadi Kyaka, bila kuunganishwa na gridi ya Taifa. Yaani katika ramani ya umeme wa nchi sisi wenyewe tulikuwa kipande kilichotengwa, chenye chanzo chake. Mwanafunzi akiisha kuifahamu reli ya mezani, anaweza kueleza kwa nini taa za Kayanga zilizimika usiku ambao za Dar es Salaam ziliwaka, na hapo ataona kwamba Sayansi ni habari ya kwao.

Kwa mwalimu atakayetaka kuitengeneza zana hii, nina maonyo machache. Tumia betri za redio tu. Kamwe usitumie betri ya gari wala ya sola, kwa maana katika shoti hizo huweza kutoa mamia ya ampea, na waya utayeyuka na kuunguza mkono wa mtoto. Katika waya mmoja utokao kwenye betri, unganisha balbu ya indiketa ya pikipiki. Garimoshi likienda kwa kawaida balbu huwa haiwaki, au huwaka kwa shida. Shoti ikitokea huwaka kwa dhahiri, nayo huupunguza mkondo usiue betri. Mwisho wa kipindi chomoa betri, hata kama mvua inanyesha na kengele imelia. Na usiwape watoto jibu la vipande kabla vichwa viwili havijawashinda.

Onyo la mwisho halihusu waya. Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka elimu ijenge akili ya kudadisi. Wengi wetu tunakubali, mradi mtoto adadisi yale tunayoyajua. Katika andalio la somo iko nafasi ya maoni mwishoni mwa kipindi, ambayo aghalabu tunaijaza kwa maneno kama "somo lilieleweka". Mimi nawaagiza wanachuo wangu waandike hapo jambo moja ambalo mwanafunzi alisema na ambalo halikupatana na matarajio ya mwalimu, yaandikwe maneno yake yenyewe, hata yakionekana ya upuuzi. Ningalikuwa na desturi hiyo mwaka 2014, ningaliandika: "Anasema betri zilikuwa na joto." Kisha ningalilazimika kuyasoma.

Siku ile ya kuomba radhi, baada ya kipindi, nilimwita mvulana nikamrudishia ufunguo mbele ya wote. Aliupokea kwa mikono miwili na kwa adabu, kama alivyofundishwa nyumbani. Akafungua chumba, akatusaidia kufunga swichi ya kugeuza, akafanya kazi nzuri kama zamani. Jioni alipomaliza kufunga mlango alikuja ofisini, akauweka ufunguo juu ya meza yangu na kusema, "Mwalimu, naomba apewe mwingine."

Nilimwuliza kama bado amekasirika. Akasema hapana, na naamini ilikuwa kweli. Nilimpa ufunguo yule msichana, naye aliutunza mpaka walipomaliza darasa la saba. Mvulana aliendelea kuja kila siku kwenye reli, akatengeneza kichwa cha tatu kilichokuwa bora kuliko vyote, lakini chumba kile hakukifunga tena.